Usining'inize Kitu kwenye Springla

Marahaba, wanangu, marahaba. Shikamoo zenu zimenifikia zote kwa pamoja kupitia simu ya mwalimu wenu, basi gawaneni hiyo marahaba, inatosha. Ameniambia ninyi ndio mnaoanza kusomea uhandisi wa majengo hapo Moshi mjini, na kwamba mmoja wenu aliuliza, "Yule bibi aliyekuwa anachoma nyumba kwenye kompyuta bado yu hai?" Nipo. Magoti tu ndiyo yaliyotangulia mbele za haki.

Na ni kweli nilichoma nyumba. Nimechoma maghala, hoteli, mabweni na kanisa moja, na hakuna hata panya aliyeungua. Kazi yangu ilikuwa kulichukua jengo kabla halijajengwa, kuliingiza kwenye kompyuta, kuliwasha moto humo humo, halafu kukaa na kutazama: moshi unakwenda wapi, matundu ya paa yanafunguka lini, springla inapasuka lini. Springla, kwa asiyeijua, ni kile kichuma kidogo kinachochungulia darini, kina kichupa cha kioo chenye rangi nyekundu. Kichupa kikipata joto la kutosha kinapasuka, na maji yaliyokuwa yanangoja kwenye bomba yanamwagika. Basi, ni hicho tu. Hakinusi moshi, hakitumii umeme, wala hakina chuki na mtu.

Kama katika maneno yangu yote mtashika moja, shikeni hili: usining'inize kitu kwenye springla. Puto, hapana. Shela, hapana. Taa za Krismasi, hapana. Hata jani la isale, hapana. Hayo ya isale nitayafikia, msinikimbize.

Nilianza kazi kwenye ofisi ndogo ya wahandisi, ghorofani, juu ya duka la vitenge. Mkuu wetu alikuwa Mhandisi Tarimo, mtu wa Rombo, Mkatoliki aliyepiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha kompyuta. Mwanzoni nilimcheka. Lakini kompyuta zenyewe zilikuwa zile za chogo, ukiiwasha meza inatetemeka, na ukiipa ghala moja ilichome inakula siku nzima, kesho nayo nzima, na ikikaribia kumaliza umeme unakatika. Unaanza upya. Haikupita muda na mimi, Mlutheri wa kuzaliwa, nikawa napiga ishara ya msalaba, tena kwa mikono yote miwili.

Tarimo alikuwa na msemo wake. "Aikande," ananiambia, "kompyuta ni mpishi mtiifu. Ukimpa pumba atakupikia pumba, na atakupakulia kwenye sahani nzuri ya rangi rangi." Kwa hiyo kabla sijagusa kibodi alinituma kwanza nikalinuse jengo. Ndilo neno lake, kunusa. Kama halijajengwa, nikanuse linalofanana nalo. Nitazame wanahifadhi nini, wanapikia wapi, mlango gani wanaufunga kufuli. Na niwaambie ukweli, kila mlango wa dharura niliowahi kuukagua katika mkoa huu ulikuwa na kitu nyuma yake: gunia la mahindi, pikipiki, na mara moja kule Kahe, ng'ombe.

"Huyu ng'ombe ni wa nani?" nikauliza.

"Wa meneja."

"Na anafanya nini mlangoni?"

"Ni wa maziwa, mama."

Nikaandika kwenye ripoti: kizuizi kipo, kinatembea.

Sasa mnajua kwa nini watu wananiita Mama Moshi? Mnadhani ni kwa sababu ya mji. Ni kwa sababu ya ghala moja la Holili, pale mpakani. Tulikuwa tumeshalichoma kwenye kompyuta, likajengwa, ikabaki kulijaribu kwa moshi wa kweli. Kuna mashine ndogo inatoa moshi mweupe usiodhuru mtu, unaujaza ndani halafu unatazama kama unatoka kwenye matundu ya paa kama ulivyotabiri. Tarimo akaniambia nimtumie msimamizi wa ghala ujumbe. Simu yangu ya wakati huo ilikuwa inaandika herufi kubwa tupu. Nikaandika: TUNALETA MOSHI KESHO ASUBUHI. WAFANYAKAZI WOTE WATOKE NJE.

Kesho yake tunafika Holili, tunakuta hema. Viti vimepangwa, vya mbele vina vitambaa. Wafanyakazi wote wako nje, wamevaa mashati ya Jumapili, wamejipanga mistari miwili, na kina mama wamekwisha kuanza kuimba karibuni wageni wetu. Nyuma ya ghala mbuzi ananukia. Msimamizi akaja mbio na shada la maua, akachungulia ndani ya gari letu, akatuona mimi, Tarimo na mashine.

"Wako wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Wakubwa wa Moshi! Si mlisema mnaleta Moshi?"

Tarimo akainamisha kichwa kwenye usukani, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia. Hatukuwa na la kufanya. Tukavalishwa maua, tukakaa viti vya mbele, tukala. Lakini kitaalamu, wanangu, zoezi lile lilifana kuliko yote niliyowahi kufanya, maana mpaka tunawasha mashine hapakuwa na mtu hata mmoja ndani ya jengo. Tangu siku hiyo nikajifunza kuandika "moshi wa moto", na jina la Mama Moshi likaniganda.

Haya, tuje kwenye jambo lililotugombanisha mimi na Tarimo miaka yote ya kazi. Moto ukiwaka ndani ya jengo, moshi wa joto unapanda moja kwa moja mpaka darini. Ukifika huko hauna pa kwenda, unatambaa kando, kama maji yaliyomwagika sakafuni, ila huu umepinduka, unatambaa juu. Sasa huko juu kuna wawili wanaungoja. Kuna springla, inangoja joto ipasuke. Na kuna tundu la paa lenye kifuniko, nacho kimeshikwa na kipande cha madini ya risasi kinachongoja joto kiyeyuke, kifuniko kifunguke, moshi utoke. Kila mmoja peke yake ni mzuri. Ukiwaweka pamoja wanakuwa mawifi jikoni. Tundu likitangulia kufunguka, joto linatoroka, springla inachelewa kupasuka. Springla ikitangulia, maji yanaupoza moshi, tundu halipati joto, halifunguki, na moshi uliopoa unashuka taratibu usoni mwa watu.

Tarimo alisema siku zote, "Kwa majengo yetu, tundu litatangulia." Mimi nikasema springla. Yeye anachoma kwenye kompyuta yake, mimi kwenye yangu. Ukisogeza moto kidogo, tundu linashinda. Ukishusha dari, springla inashinda. Tukabishana mpaka tukastaafu, na baada ya kustaafu tukawa tunabishana kwa simu, kwa fedha zetu wenyewe.

Ugomvi huo ukaja kuamuliwa kwenye ukumbi wa ukoo wetu, kule juu, njia ya Marangu.

Mnaijua Desemba ya kwetu. Dar inabaki na walinzi, magari yanapanda mlima yamefuatana, na hata aliye ng'ambo anarudi kula kwao. Ukoo ukaamua tujenge ukumbi wetu, tuache kubanana kwenye mahema ya kukodi. Mwenyekiti alikuwa Baba Mkubwa Elinami, kaka yake marehemu baba. Na hapa nisimame kidogo. Baba alifariki nikiwa mdogo, na Baba Mkubwa ndiye aliyeuza kahawa yake nikasoma. Neno injinia alilitamka yeye kwa ajili yangu kabla mimi sijajua maana yake. Mkinisikia ninamcheka, jueni ninamcheka baba yangu, na ninampenda.

Nilikwenda kwake na Tarimo kulinusa jambo.

"Baba Mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na mabomba yako?"

"Nimekuja kuuliza tu. Katika ukumbi huu, ni vitu gani vinaweza kushika moto?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Humu? Hakuna. Sisi ni watu wa kanisa."

"Baba, moto hauulizi dhehebu."

"Labda wa Rombo," akasema, akimwangalia Tarimo. Tarimo akakohoa.

Nilimweleza kwamba Desemba ukumbi utajaa wazee wenye fimbo, watoto na mapambo, kwamba moto wa kitambaa haumsubiri mtu avae viatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana kusikiliza anajua. Halafu akanyoosha kidole.

"Sawa. Weka mvua yako ya ndani. Ila sikia, Aikande. Siku maji hayo yatakapogusa ndafu, nayang'oa yote, na wewe usikanyage tena kwangu."

Kwa wale wa mikoa mingine: ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa, anaingizwa ukumbini amesimama kwenye meza, majani mdomoni, watu wanacheza nyuma yake. Harusi ya kwetu bila ndafu inaitwa kikao. Kwa hiyo Baba Mkubwa hakuwa anatania, na mimi nilikubali nikijua hatanii.

Nikauchoma ukumbi ule mara nyingi kuliko jengo lolote maishani mwangu. Nikamwambia Tarimo: springla itatangulia, maji yataupoza moshi, matundu yatabaki yamefungwa, basi tuweke kamba karibu na mlango mkubwa ya kuyafungua kwa mkono. Akasema, "Weka kamba yako, lakini haitavutwa na mtu. Tundu litatangulia." Tukaweka.

Harusi ya kwanza kubwa ilikuwa ya Manka, mjukuu wa Baba Mkubwa. Asubuhi ya siku hiyo nikapita ukumbini nikiwa na rola kichwani. Mae wee! Darini siioni dari. Mpambaji kutoka mjini, dada mmoja anaitwa Jojo, mwembamba, kucha ndefu, alikuwa amevuta vitambaa vyeupe kutoka ukuta hadi ukuta. Springla zote zimefunikwa, moja imefungiwa puto.

"Mwanangu, teremsha," nikasema.

"Mama, hivi vichuma vinaharibu picha."

"Vichuma hivyo ndivyo vitakavyokuokoa."

"Mimi? Mimi nikimaliza hapa naenda Himo, nina kipaimara."

Tukapandishiana sauti mpaka Baba Mkubwa akaitwa, ameshavaa suti nusu. Nikafungua kompyuta yangu juu ya spika. Za siku hizi zina mbio, chai ilikuwa haijapoa na ukumbi umeshaungua mara mbili, bila kitambaa na ukiwa na kitambaa. Nikamwonyesha. "Hapa bila kitambaa, joto linafika kwenye springla, inapasuka. Hapa kuna kitambaa, joto linakwama chini, moto unatambaa kwenye kitambaa, springla inalala. Ona palivyo pekundu."

Baba Mkubwa akavaa miwani. "Nyekundu nayo inapendeza," akasema. "Si ndiyo rangi ya kamati?"

Nikakaa chini sakafuni. Na rola zangu. Nikamwambia vitambaa vya darini visiposhushwa, shangazi wa bibi harusi atabaki amekaa hapo hapo, na wakwe watamkuta hapo hapo. Hapo akaogopa. Akaamua kama mwenyekiti: vitambaa vya darini vishuke, vya kwenye nguzo na ukutani vibaki, na Aikande akavae nguo. Jojo alishusha huku anasonya kila ngazi.

Alasiri watu wakajaa. Tarimo naye nilimwalika, tukakaa meza moja karibu na mlango, wazee wawili waliostaafu, tumemaliza supu yetu ya mtori, tunazitazama springla kama wengine wanavyotazama maharusi. Ikafika zamu ya ndafu. Zamani ndafu ilikuja na majani mdomoni tu. Siku hizi inakuja na fataki zimechomekwa mgongoni, zinarusha cheche. Mshereheshaji anapiga kelele, vijana wanne wameibeba meza juu juu, wanacheza, wanayumba kulia, wanayumba kushoto. Walipoyumba kushoto, fataki moja ikalala, cheche zikarukia maua ya plastiki kwenye nguzo, na kutoka kwenye maua zikashika kitambaa.

Kitambaa kikawaka kutoka chini kwenda juu mara moja. Na watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mapambo. Mshereheshaji akapaza sauti kwenye kipaza, "Mambo ni motooo!"

"Ni moto kweli!" nikapiga kelele mimi, lakini nani anamsikia bibi kwenye harusi?

Halafu wakaelewa. Viti vikaanguka, kelele zikabadilika. Mimi na Tarimo tumesimama, tumekodoa macho darini.

"Tundu!" anasema Tarimo. "Tundu linakuja!"

"Springla, Mhandisi! Ngoja!"

Pa! Kichupa kikapasuka. Springla moja, ile iliyo juu ya nguzo, moja tu, nyingine zote kimya. Sikilizeni hapo, maana sinema zimewadanganya: hazimwagi zote kwa pamoja. Inapasuka ile iliyopata joto. Maji yakashuka kwa kishindo juu ya nguzo, juu ya kitambaa, juu ya safu ya viti vya wazee, na, ndiyo, juu ya ndafu. Katikati ya makelele nikaisikia sauti ya Baba Mkubwa, "Ndafu! Okoeni ndafu!"

"Springla kwanza!" nikamwambia Tarimo, nikampiga bega. Nilikuwa nimengoja siku hiyo nusu ya maisha yangu. Yeye akainua macho. Moshi ulikuwa umepoa, unaanza kushuka, na matundu yote yamefungwa, kimya, kama nilivyosema. "Yesu na Maria," akasema, akaikamata kamba, akavuta. Vifuniko vikafunguka, moshi ukapanda ukatoka zake. Mimi nikaenda kufunga koki ya maji. Fahamuni koki iko wapi kabla ya kufahamu choo kiko wapi.

Hakuna aliyeungua. Manka alicheza peku kwenye maji na bwana harusi wake, keki ikaliwa kwa vijiko. Lakini Baba Mkubwa alinijia, suti inamchuruzika.

"Ndafu yangu imeogeshwa mbele ya wakwe," akasema. "Nilikwambia nini?"

"Baba, moto ulikuwa..."

"Moto tungeupiga kwa koti! Mwaka mpya ukipita fundi anakuja, anang'oa mabomba yote. Na wewe usikanyage kwangu."

Iliniuma, wanangu. Siwafichi. Krismasi nzima nilikaa nyumbani kwangu, njia ya kwenda kwa Baba Mkubwa inapita mbele ya geti langu, magari ya ndugu yanapita yanapiga honi, na mimi namenya ndizi huku nalia. Niliyemtaka ajivunie kazi yangu ni yeye. Nilipata nilichokitabiri, nikampoteza yeye. Na Desemba ijayo ukumbi ungejaa tena, bila maji, na Jojo angerudisha vitambaa vyake darini.

Siku moja simu ikalia. Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, mwenye mguu mbovu, anatembea kwa fimbo. "Video ya harusi imeletwa. Njoo tuangalie."

"Mama, Baba amenikataza kukanyaga."

"Nyumba ni yake peke yake? Njoo, na yule Mrombo wako mlete."

Tulikwenda. Mimi, kwa kuheshimu katazo, nikakaa kwenye kizingiti, miguu nje. Baba Mkubwa alikaa kwenye kochi lake, hakunitazama, akaitika shikamoo yangu kwa kuguna. Ndugu wamejaa sebuleni, wanacheka, kila mtu anajitafuta kwenye picha. Ikafika ndafu. Cheche. Kitambaa kikashika. Mpiga picha alikuwa ameganda, kamera inatazama nguzo.

Hapo sote tukaona ambacho siku ile hakuna aliyekiona. Safu ya wazee ilisimama ikakimbia. Chini ya nguzo kikabaki kiti kimoja kina mtu. Mama Mkubwa. Fimbo yake imeanguka, anaitafuta kwa mkono, haifikii. Juu yake kitambaa kinawaka, vipande vinadondoka kwenye mabega yake, anavipangusa kama mtu anayepangusa nzi. Mbele yake, mbele kabisa, anapita Baba Mkubwa, ameukumbatia mguu wa nyuma wa ndafu, anawasukuma vijana, "twende, twende," wanaelekea mlangoni. Halafu maji yakashuka juu yao wote, picha ikawa nyeupe, na yalipopungua Mama Mkubwa alikuwa amekaa pale pale, ameloa chapachapa, mzima.

Mwenye rimoti akasimamisha picha.

"Rudisha nyuma," akasema Mama Mkubwa.

Wakarudisha. Baba Mkubwa akapita tena na mguu wa mbuzi.

"Elinami," akasema Mama Mkubwa, taratibu tu. "Uliokoa mbuzi."

"Ndafu ilikuwa ya wakwe..."

"Na mimi nilikuwa wa nani?"

Mama Mkubwa akageuka akatutazama mimi na Tarimo, ambao kwenye picha tulionekana mbali kwa nyuma, tumenyoosha vidole juu. "Na ninyi wawili mlikuwa mnahesabu nyota," akasema. Hapo ndipo wakacheka, na sisi tukastahili. Baba Mkubwa akainuka, akanipita pale kizingitini, akatoka.

Mwaka mpya ukapita. Asubuhi moja nikaambiwa ninaitwa ukumbini. Nikajua ndiyo leo, fundi anang'oa. Nilipofika nikakuta ngazi imesimama chini ya ile nguzo, Mama Mkubwa amekaa kwenye kiti, na Baba Mkubwa amesimama na kofia mkononi. Akainua macho darini, na mimi nikainua.

Mahali pa ile springla iliyopasuka palikuwa na mpya. Na juu yake, limefungwa fundo, likining'inia, jani bichi la isale.

Ninyi wa kwetu mnajua. Isale ndilo lile jani refu linalozunguka vihamba vyetu vyote, mashamba yetu ya migomba. Aliyekukosea akikuletea isale lililofungwa fundo, hana haja ya maneno, na wewe huna ruhusa ya kukataa. Hata kama ni damu ilimwagika, unapokea. Sikuwahi kumwona Baba Mkubwa akimpelekea mtu isale. Watu ndio walimletea yeye.

"Mbona umelifunga kule juu, Baba?"

"Nimemkosea yule pia," akasema, akiielekezea springla kofia.

Nikalitazama isale. Nikaitazama springla. Nikajaribu kunyamaza, Mungu anajua nilijaribu.

"Baba Mkubwa, nimelipokea, na nimesamehe. Lakini lishushwe."

"Isale halishushwi!"

"Na springla haining'inizwi kitu!"

"Aikande, hii ni mila!"

"Na ile ni springla!"

"Jamani," akasema Mama Mkubwa, "mmoja apande."

Nikapanda mimi, na magoti haya haya. Baba Mkubwa akaishika ngazi kwa mikono miwili. Nilikuwa nimefika juu, nalifungua fundo polepole nisiguse kichupa, nikamsikia kule chini anazungumza kwa sauti ndogo, kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia.

"Aikande."

"Abee, Baba."

"Nilimwacha amekaa peke yake."

Nikakaa pale juu na lile jani mkononi mpaka macho yaliponikauka, ndipo nikashuka, na hakuiachia ngazi mpaka mguu wangu wa pili ulipogusa sakafu. "Aika, mae," akaniambia, yaani asante, mama.

Jani lile lipo, limekauka, nimelilaza ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Mabomba yapo. Siku hizi Desemba ikifika na wapambaji wakaja, wanamkuta Baba Mkubwa ameshatangulia, amekaa chini ya ile nguzo, anawaelekezea kofia juu: "Usining'inize kitu pale. Wala pale." Jojo anamwogopa kuliko anavyoniogopa mimi. Na ndafu ikiingia na fataki zake, ukumbi mzima unasimama kuishangilia. Yeye hasimami. Anainama kwanza, anaitafuta fimbo ya mkewe, anamshikisha mkononi, ndipo wanasimama wote wawili.